Tusisubiri kupasua moyo, tuanzie kooni



Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalohusu uhai wa watoto wetu, hasa wale walioko katika shule za msingi za vijijini ambako mimi ninafundisha.

Siku hizi wananchi wengi wanazungumza juu ya ufundi wa kutengeneza valvu za moyo bila kupasua kifua kizima. Wapo walioona picha zake kwenye simu, na wapo waliosimuliwa tu. Hapa kijijini nimesikia watu wakisema kwamba ugonjwa wa moyo sasa si kitu, kwa kuwa daktari anaingiza kamera kwenye tundu, anashona, na mgonjwa anakwenda zake nyumbani. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wazazi na walimu, nami naomba niieleze.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Moyo ni pampu yenye vyumba vinne na valvu nne. Valvu ni vilango vinavyofunguka kupitisha damu na kujifunga ili damu isirudi ilikotoka. Moyo hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku moja, na kila unapopiga vilango hivyo hufunguka na kufunga. Kilango kikiwa kigumu na kushindwa kufunguka vizuri, damu hurundikana nyuma yake. Kikishindwa kufunga sawasawa, damu huvuja na kurudi. Kwa vyovyote vile moyo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, hutanuka, na mwishowe huchoka. Mgonjwa hupungukiwa na pumzi, huvimba miguu, na hulala ameketi kwa sababu akijinyoosha kitandani anahisi anazama. Valvu inayoharibika mara nyingi zaidi katika ugonjwa nitakaoueleza ni ya upande wa kushoto wa moyo, iitwayo mitrali.

Safari ya wanadamu kufikia ufundi huu imekuwa ndefu. Mwaka 1925 daktari Henry Souttar wa London aliingiza kidole ndani ya moyo wa msichana na kuipanua valvu iliyobana. Msichana alinusurika, lakini madaktari wenzake hawakumpelekea mgonjwa mwingine, kwani waliona moyo si kitu cha kuguswa. Ilipita zaidi ya miaka 20 ndipo Charles Bailey wa Philadelphia, Marekani, akafanikiwa kufanya kazi ya namna hiyo mwaka 1948. Mwaka 1953, katika mji huo huo, John Gibbon alifanya upasuaji kwa kutumia mashine iliyochukua kazi ya moyo na mapafu, na mgonjwa wake akapona. Mwaka 1960 Albert Starr wa Portland, Oregon, aliweka valvu ya bandia aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Kisha mwaka 1996 Alain Carpentier wa Paris alitengeneza valvu ya mitrali kupitia mkato mdogo akiongozwa na kamera ya vidio, na katika mwaka huo huo Randolph Chitwood wa Greenville, North Carolina, akafanya kazi ya namna hiyo huko Marekani.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Katika upasuaji wa kawaida daktari hupasua ngozi katikati ya kifua, kisha huukata kwa msumeno mfupa wa kidari toka juu mpaka chini. Kazi ikiisha, mfupa hufungwa kwa waya, nao huchukua kama miezi miwili au mitatu kuunga. Katika ufundi wa vidio mfupa huo hauguswi. Mkato wa sentimita kama 5 au 6 hupigwa upande wa kulia, katikati ya mbavu. Katika kitundu kingine hupitishwa kamera nyembamba, na daktari huiona valvu kwenye kioo cha televisheni ikiwa imekuzwa mara nyingi. Hukata na kushona kwa mikasi na koleo ndefu. Mashine ya moyo na mapafu nayo huunganishwa kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyopo kinenani.

Hapo nataka ndugu wasomaji waangalie jambo moja. Moyo bado unasimamishwa. Bado damu ya mgonjwa inazungushwa na mashine, na mara nyingi moyo husimama kwa muda mrefu zaidi kuliko katika upasuaji wa kawaida, kwa sababu kufanya kazi kwa mbali kupitia tundu ni kugumu. Mkato ni mdogo, lakini operesheni si ndogo. Wala tusiichanganye na tiba ya kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu, ambayo nayo husemwa kuwa ni ya tundu dogo. Katika tiba hiyo moyo hausimamishwi. Kanji Inoue wa Japani alianza mwaka 1982 kupitisha mrija wenye puto, akalijaza puto hilo ndani ya valvu iliyobana hadi ikaachia. Kila tiba ina wagonjwa wake, na anayechagua ni daktari baada ya vipimo, siyo jirani aliyeona picha.

Je, mkato mdogo una faida? Ndiyo, unayo. Huko Uingereza hospitali 10 zilishirikiana kuwapima wagonjwa 330 wenye valvu ya mitrali iliyochakaa na kuvuja. Kwa bahati nasibu wengine walipasuliwa kidari na wengine walifanyiwa kwa mkato mdogo ubavuni, na matokeo yakatangazwa mwaka 2023. Baada ya wiki 6 wale wa mkato mdogo walikuwa wepesi zaidi kujongea, na walitoka hospitali mapema zaidi, siku 5 badala ya 6 kwa mgonjwa wa kati. Lakini baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa sawa katika uwezo wa kufanya kazi za kila siku. Valvu zenyewe zilitengenezwa vizuri kwa kiwango kile kile, na usalama ulikuwa sawa.

Mtu wa ofisini anaweza kusema kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Mimi naishi na wakulima wa jembe la mkono, nami nasema si ndogo. Aliyekatwa kidari hukatazwa kwa wiki nyingi kuinua kitu kizito. Hachoti maji, hapasui kuni, habebi mtoto mgongoni. Wiki hizo zikiangukia wakati wa kupanda, nyumba nzima italala njaa mwaka unaofuata. Kwa hiyo hospitali yetu yoyote itakayoweza kufanya kazi hiyo kwa usalama itakuwa imewafaa wakulima. Nchi yetu imekwisha piga hatua. Upasuaji mkubwa wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa hapo hapo Dar es Salaam, wakati ambapo kabla ya hapo wagonjwa wetu wengi walilazimika kupelekwa India. Hilo ni jambo la kujivunia, na madaktari na wauguzi wetu wanastahili pongezi.

Hata hivyo, tusidanganyike na ukubwa wa kovu. Wale wagonjwa 330 wa Uingereza walikuwa na valvu zilizochakaa na kulegea. Valvu ya namna hiyo mara nyingi huweza kushonwa na kurudi katika hali yake. Huku kwetu vijana wengi wanaofika kwenye meza ya upasuaji valvu zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Valvu hiyo huwa imepata makovu, imekuwa nene na ngumu, na kingo zake zimegandamana. Kuishona ni kazi ngumu zaidi, na mara nyingi daktari hana njia ila kuiondoa na kuweka ya bandia.

Hapo ndipo gharama yenyewe inapoanza. Valvu ya chuma hudumu miaka mingi, lakini mwenye nayo hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, maisha yake yote. Dawa hiyo inataka damu ipimwe mara kwa mara. Ikizidi, mgonjwa anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda kwenye valvu, naye anaweza kupooza au kufa. Msichana anayeitumia akipata mimba, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Valvu iliyotengenezwa kwa nyama ya mnyama haina haja kubwa ya dawa hiyo, lakini kwa kijana huchakaa upesi, naye atarudi kupasuliwa tena. Kamera ya vidio haibadilishi lolote kati ya hayo. Mtu anaweza kuwa na kovu la sentimita 5 ubavuni na bado akaishi kilomita 100 toka mahali anapoweza kupimwa damu yake.

Sasa tuulizane: ugonjwa huu unatoka wapi? Unatoka kooni mwa mtoto. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huugua mafindofindo yanayoletwa na vijidudu viitwavyo streptokoki. Koo linapoa lenyewe, mzazi anasahau. Baada ya wiki mbili au tatu hivi, mwili uliokuwa ukipigana na vijidudu hivyo hugeuka na kuanza kujishambulia wenyewe. Mtoto anapata homa, magoti na vifundo vya miguu vinavimba na kuuma, maumivu yanahama toka kiungo hiki hadi kingine. Wengine hurusha mikono na kukunja uso bila kukusudia, mwandiko ukaharibika ghafla, na mwalimu asiyejua akadhani ni utundu. Baadaye viungo vinapona kabisa, lakini valvu ya moyo imekwisha jeruhiwa. Mafindofindo yakirudi na homa ikarudi, jeraha linaongezeka. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa haonyeshi dalili yoyote, na siku anapobeba mimba yake ya kwanza, au anapoanza kazi ya nguvu, moyo unashindwa.

Shuleni kwetu yupo msichana wa darasa la tano ambaye wenzake walimwita mvivu kwa kuwa alikuwa akichuchumaa kila tulipokimbia mchakamchaka. Kwao walisema amerogwa. Tulipomshauri mama yake ampeleke hospitali kubwa na akapigwa kipimo cha eko, ambacho huonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionekana kwamba valvu ya mitrali imeanza kuvuja. Aliandikiwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki nne. Mwezi mmoja mama yake alitembea naye hadi zahanati akaambiwa dawa hiyo imekwisha, arudi wiki ijayo. Akarudi, ikawa bado. Msichana huyo hahitaji kamera ya vidio leo. Anachohitaji ni sindano ile ipatikane siku yake, ili kesho asije akaihitaji kamera.

Watu watasema mwalimu anatoa nadharia. La hasha! Mambo haya yamejaribiwa. Katika jimbo la Pinar del Río nchini Kuba ulianzishwa mpango mwaka 1986 wa kufundisha wananchi, walimu na waganga juu ya koo na homa hii, kuandikisha wagonjwa na kuwafuatilia kwa sindano. Kati ya watoto wa shule, waliokuwa na ugonjwa wa moyo wa namna hii walipungua toka zaidi ya wawili katika kila 1,000 hadi chini ya mmoja mwaka 1996. Kuba haikuwa nchi tajiri wakati huo. Jirani zetu wa Uganda nao wametupa ushahidi mwingine. Walichukuliwa watoto na vijana 818 ambao eko ilionyesha dalili za mwanzo tu. Nusu yao walichomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na nusu hawakuchomwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu. Katika wasiochomwa, uliendelea kwa 33. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilipitisha azimio mwaka 2018 la kuzitaka nchi zote ziupige vita ugonjwa huu. Kinachobaki ni utekelezaji.

Kwa sababu hiyo ninatoa mapendekezo yafuatayo kwa wanaohusika.

Kwanza, wazazi waache kulidharau koo. Siyo kila koo linalouma ni la hatari, kwani mengi huletwa na mafua ya kawaida, na ndiyo maana anayepaswa kuamua ni mganga wa zahanati, si muuza duka. Lakini mtoto mwenye homa, koo jekundu, anayemeza kwa shida na mwenye tezi zilizovimba shingoni apelekwe zahanati. Wale wanaokimbilia kumkata mtoto kimeo waache mara moja. Kukata kimeo hakuui kijidudu hata kimoja, na watoto hutokwa damu nyingi na kuambukizwa maradhi mengine kwa wembe.

Pili, walimu tufundishwe dalili hizi katika vyuo vya ualimu na katika semina zetu. Tulifundishwa kufunga jeraha na kuzuia damu ya pua, na ni vyema. Lakini mwalimu anamwona mtoto siku tano kwa wiki. Ndiye wa kwanza kujua kwamba goti lililovimba juzi leo limehamia jingine, au kwamba mtoto aliyekuwa mwepesi sasa anahema akipanda ngazi. Nusu saa ya mafunzo inatosha kumfanya aandike barua kwa mzazi na kwa mganga.

Tatu, Wizara ya Afya ihakikishe kwamba penisilini ya sindano ya muda mrefu haikosekani katika zahanati, na kila zahanati iwe na daftari la watoto wanaopaswa kuchomwa, lenye tarehe. Mtoto asipofika siku yake, mhudumu wa afya wa kijiji amfuate nyumbani. Watoto wengi huikimbia sindano hii kwa kuwa inauma sana. Hilo nalo linataka maneno mazuri ya mhudumu na msimamo wa mzazi.

Nne, kipimo cha eko na wataalamu wa kukitumia wasambazwe hadi hospitali za mikoa na wilaya. Mtoto anayegunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano. Anayegunduliwa amechelewa husafiri hadi Dar es Salaam, na familia huuza ng'ombe na shamba.

Tano, ufundi wa vidio uendelezwe kwa utaratibu. Kazi hii inataka mkono uliozoea, na mkono hauzoei ila kwa kufanya kazi nyingi chini ya usimamizi. Isifanywe kwa ajili ya kupigwa picha na kutangazwa. Kipimo cha mafanikio kisiwe urefu wa mkato, bali hali ya mgonjwa mwaka mmoja baadaye: yu hai, valvu inafanya kazi, na anapata dawa na vipimo karibu na kwake. Hilo la mwisho lipangwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka hospitali.

Huenda mwingine akasema kwamba ninapinga maendeleo, au kwamba nataka fedha za wagonjwa wa moyo zihamishiwe kwenye mafindofindo. Sivyo. Yule ambaye valvu yake imekwisha haribika hawezi kuponywa kwa penisilini, na ni haki yake kupasuliwa kwa ufundi bora uliopo. Ninachosema ni kwamba kila mwaka tunaouacha upite bila kuziba chanzo, tunaongeza foleni nje ya chumba cha upasuaji, na hakuna nchi iwezayo kuimaliza foleni hiyo kwa kisu, kiwe cha mkato mrefu au mfupi. Ulaya na Marekani ya Kaskazini homa hii ilipungua sana pale watu walipopata nyumba zisizo na msongamano, chakula bora na penisilini, na ndiyo maana wagonjwa wao wa valvu leo wengi ni wazee. Wagonjwa wetu ni wanafunzi na wazazi vijana.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko kooni mwa mtoto anayekaa dawati la tatu, na dawa ya kuuziba imejulikana kwa zaidi ya nusu karne. Mkutano ujao wa wazazi katika kila shule uzungumzie jambo hili, na kila kamati ya zahanati iulize: sindano ya penisilini ya mwezi huu ipo au haipo?



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Ruvuma.